Tembe la Kwihara na Wenyeji Wake

Ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya kusini magharibi, kilomita chache tu, unafika Kwihara. Njiani utapita miembe mikongwe. Wenyeji husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wapagazi kwa watumwa, waliokuwa wakila maembe huku wanatembea. Mbele kidogo unaiona nyumba: kuta nene za udongo mwekundu, paa bapa, na mlango mzito wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Hilo ndilo tembe la Kwihara. Siku hizi ni makumbusho madogo ya Dk. David Livingstone, yenye nakala za barua, ramani na picha za kale.

Nyumba hii imepata umaarufu kwa majina ya wageni wawili, Livingstone na Henry Morton Stanley aliyekuja kumtafuta. Lakini wageni hao walikaa humo miezi, wakaenda zao. Waliopika humo, waliolinda mlango usiku, waliopanga marobota ya vitambaa ghalani na kuyabeba alfajiri walikuwa watu wengine. Historia ya tembe hili haijakamilika mpaka nao watajwe.

Kwanza, nyumba yenyewe. Tembe ni ujenzi wa bara. Kutoka Ugogo hadi Unyamwezi mafundi walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakakandika udongo, kisha wakaezeka paa bapa kwa miti na kulifunika kwa udongo ulioshindiliwa. Vyumba hupangwa kuzunguka uwanja wa ndani, ambako mifugo hulala salama na wanawake hutwanga nafaka. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipofika Unyanyembe, nchi ya Tabora ya leo, waliukuta ujenzi huo, wakaona unafaa, wakaongeza ya kwao: baraza mbele ya nyumba, ghala la bidhaa na mlango wa kuchongwa.

Mlango wa namna hiyo si kizuizi cha wezi tu. Fundi wa pwani huchonga miimo miwili, akachonga na kizingiti cha juu, na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, huweka mfaa. Humo hutia maua, mawimbi, magamba ya samaki na minyororo, kila mstari kwa patasi na nyundo ya mbao. Mgeni anayesubiri kufunguliwa anamjua mwenye nyumba kabla hajamwona. Kuukuta mlango wa aina hii katikati ya Unyamwezi, mamia ya kilomita kutoka baharini, ni kukutana na mikono miwili ya ufundi katika ukuta mmoja: udongo ni wa Mnyamwezi, mbao ni za Mswahili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sanaa katika nyumba hii ni nyumba yenyewe.

Wanyamwezi hawakusubiri kufundishwa njia ya pwani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 misafara yao wenyewe ilikuwa ikiteremka baharini na pembe za ndovu na kurudi na vitambaa na shanga. Upagazi ukawa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajauona mwambao alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, begani au kichwani, siku baada ya siku. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa mavazi ya kuonekana, na bendera mkononi. Nyuma yake vilifuata ngoma, baragumu na nyimbo za kupokezana. Bidhaa zilikuwa merikani, yaani kitambaa cheupe kilichopata jina lake kwa nchi kilikotoka, na kaniki, shanga na waya za shaba. Kupita Ugogo kulitaka hongo kwa kila mtemi mwenye maji.

Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kwa jumla kama kilomita 1,200. Unyanyembe ndiko ilikogawanyika: tawi moja lilikwenda Karagwe na Buganda, jingine Ujiji na Manyema ng'ambo ya ziwa. Hapo msafara ulipumzika, wapagazi wa zamani wakalipwa na wapya wakaajiriwa. Mji uliokua kutokana na hayo uliitwa Kaze, na baadaye Tabora, jina ambalo wenyeji wengi hulihusisha na matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha safari kisichooza.

Wala tusifiche: katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Utajiri uliojenga baraza na kununua milango ya kuchongwa ulitoka kwenye pembe, na ulitoka pia kwenye shingo za watu. Anayelisimulia tembe kwa uzuri wake tu, bila kutaja hilo, amesimulia nusu.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kaze Novemba 7, 1857, baada ya siku 134 za kutembea kutoka pwani. Walipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyewapa nyumba, chakula na habari za maziwa ambazo baadaye ziliwapatia sifa huko kwao. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim. Miaka ilipopita mtu huyo huyo akawa liwali wa Sultani wa Zanzibar huko Unyanyembe, na ni yeye aliyekuwa akiwaazima wageni tembe la Kwihara.

Katika msafara wa Burton alikuwamo pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Zanzibar. Alifika Tabora na Burton mwaka 1857, akarudi na Speke na mwenzake Grant mwaka 1861, akaja na Stanley mwaka 1871 na tena na Verney Lovett Cameron mwaka 1873. Wazungu waliokuja baada ya Burton na Speke na kuandika vitabu kuhusu Unyanyembe walikuwa wageni mbele ya Bombay, aliyezijua njia za nchi hiyo kabla yao.

Stanley aliingia Unyanyembe Juni 23, 1871, akijivunia kwamba safari yake ilichukua siku 84. Alipewa tembe la Kwihara, akagawa vyumba, akajaza ghala. Huko Unyanyembe alikuta pia mzigo wa Livingstone uliokwama, pamoja na mfuko wa barua ulioandikwa juu yake Novemba 1, 1870. Barua zilikuwa zimelala Unyanyembe, mwenyewe yuko Manyema anazihitaji, na hapakuwa na wa kuzipeleka.

Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo. Alikuwa kijana bado, mwenye jeshi la rugaruga na bunduki nyingi, na alichoka kuona faida yote ya njia ikiishia mikononi mwa wafanyabiashara wa Tabora. Agosti 1871 Waarabu walikwenda kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao. Mirambo aliwavizia, akawashinda. Baadaye mwezi huo huo akaushambulia mji wenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa. Kutoka Kwihara walionekana wakimbizi wakija na moshi ukipanda juu ya Tabora. Stanley aliamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki, akapandisha bendera ya Marekani juu ya paa na kungoja. Mirambo hakuja Kwihara.

Kabla Stanley hajaondoka Septemba ya mwaka huo, kulitokea jambo dogo ambalo halikupigiwa ngoma. Mwarabu mmoja alimpa zawadi ya mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo, likatafutwa jingine, na mtoto akaitwa Kalulu, jina la mnyama mdogo wa porini. Kwa jina hilo alipelekwa Uingereza na Marekani, akapigwa picha, akaandikiwa kitabu. Kwa jina hilo alirudi Afrika, na mwaka 1877 akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo. Lile la kwanza, alilopewa na wazazi wake au watu wa kwao, lilibaki Kwihara. Katika vyumba vilivyojaa picha za watu wazima, nadhani jina la Ndugu M'hali linastahili ukuta wake.

Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na Februari 18, 1872 wote wawili waliingia tembe la Kwihara. Machi 14 Stanley alianza safari ya kurudi pwani, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi ambao angeletewa kutoka Zanzibar. Alisubiri hadi Agosti. Miezi hiyo mitano ya ukimya ndiyo miezi iliyoandikwa kwa karibu zaidi katika maisha yote ya nyumba hii, kwa sababu mzee hakuwa na la kufanya ila kushona mahema, kuangalia ndege wakilisha makinda yao, na kuandika shajara.

Katika shajara hiyo aliandika kuhusu michezo ya watoto wa nchi alizopita. Alisema watoto hutengeneza bunduki za matete zenye mtambo wa kufyatua, na zinapofyatuka hutoa wingu la majivu mfano wa moshi. Wengine hufinyanga kwa udongo bunduki za mitutu miwili, wakatumia pamba kuwa moshi wake. Hebu tulitazame hilo kwa makini. Nchi iko vitani. Mtoto ameona silaha imebebwa begani mwa rugaruga. Anakwenda mtoni, anachota udongo, anafinyanga mtutu mmoja na wa pili, anatafuta pamba na kuipachika mdomoni mwa bunduki pale moshi unapopaswa kuwa. Ameuona moshi, akajua kwamba bila huo bunduki haijakamilika, akautafutia kitu cha kuufananisha. Mwenye jicho hilo ni msanii. Majina ya watoto hao hatunayo, na vinyago vyao vilirudi kuwa udongo.

Shajara hiyo inamtaja pia Halima, mpishi wa Livingstone, mke wa mtumishi mwenzake Amoda. Siku moja Halima aliondoka, akarudi, na mzee akakiri kwamba bila yeye jiko limesimama. Aliahidi kumpa uhuru wake, na wakifika Unguja kumnunulia nyumba na bustani. Ahadi ya nyumba ikatolewa ndani ya nyumba ya kuazimwa! Mwenye kuahidi hakufika Unguja akiwa hai. Agosti 14, 1872 wapagazi aliowangoja walifika, na Agosti 25 msafara uliondoka Kwihara kuelekea kusini. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873.

Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni India na mmoja wa waliotumwa kutoka pwani mwaka 1872, aliandika kumbukumbu ya safari. Oktoba 1873 Chuma alitangulia Unyanyembe akiwa na barua ya Jacob. Aliyemkuta ni Cameron, yule ofisa aliyekuja na Bombay, amelala katika tembe lile lile la Kwihara, anaumwa homa na macho yamemfifia.

Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo Unyanyembe. Njia ilikuwa ya hatari, na maiti ni mzigo ambao vijiji vingi havitaki kuuona. Wapagazi walikataa. Walikuwa wameamua kumfikisha kwao, na hawakuwa tayari kubadili shauri kwa sababu Mzungu mmoja amesema. Nikiulizwa ni tukio gani kubwa kuliko yote katika historia ya tembe la Kwihara, nitataja hilo. Watu waliozoea kuamriwa walisimama mbele ya ofisa, wakasema hapana, na neno lao ndilo lililofuatwa.

Walipofika Kasekera, njiani kuelekea pwani, wanavijiji waliwazuia. Hapo wapagazi walibuni hila. Waliuvua mwili gome lake, wakaufunga upya kama robota la kawaida la vitambaa. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavika nguo mfano wa maiti, na kikundi cha watu kikayabeba kurudi upande wa Unyanyembe, kwa huzuni na utaratibu wote wa mazishi. Giza lilipoingia waliyatawanya mabua porini, wakazunguka na kuwafuata wenzao. Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Wapagazi walilipwa ujira wao pwani, wakaambiwa waende. Medali zilipotengenezwa huko London kwa heshima yao, wengi walikuwa wamekwishatawanyika. Jacob Wainwright, aliyesindikiza jeneza hadi Uingereza, alirudi, na alifariki Urambo mwaka 1892, nchi ya yule Mirambo aliyeifunga njia.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akalipua ghala lake la baruti badala ya kujisalimisha. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya mabega, na upagazi ukafa. Kwihara, iliyokuwa njia panda, ikawa kijiji cha pembeni. Tembe lilibaki na umri wake, likakarabatiwa na kufanywa makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, Kwihara ikiwamo, kati ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Makumbusho ni jambo jema, na waliolitunza tembe hadi leo wanastahili shukrani. Lakini nyumba inayoonyesha nakala za barua za mgeni tu itaendelea kuwa ya mgeni. Kwingineko Afrika Mashariki nyumba za kale zimepewa uhai wa pili. Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid lilikarabatiwa na kuwa kituo cha usanifu majengo na urithi wa mji. Nairobi, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambamo wakoloni waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, sasa ni Nairobi Gallery, na humo imo hazina ya sanaa aliyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Kampala, Nommo Gallery imekaa katika nyumba ya zamani ya Nakasero tangu miaka ya 1960. Nyumba hizi zina vyumba vidogo, lakini sanaa haijabanwa humo. Katika chumba kidogo mtu husimama hatua mbili kutoka kwenye picha, akakaa nayo kama anavyokaa na mgonjwa au na rafiki.

Tembe la Kwihara limeumbwa hivyo. Kuta zake ni nene na mwanga wake ni haba. Baraza lipo kwa mazungumzo, na uwanja wa ndani unatosha ngoma. Wala Unyamwezi haukosi cha kuweka humo. Kiti cha enzi cha Kinyamwezi, chenye mgongo mrefu na sura ya mtu iliyochongwa juu yake, kipo makumbusho ya Berlin na hutajwa katika vitabu vya sanaa ya Afrika. Waliokichonga walikuwa majirani wa tembe hili. Tabora ndiyo iliyotoa Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi ambazo nyimbo zao zilichezwa nchi nzima. Mji wenye mikono na masikio ya namna hiyo hauwezi kukosa mchoraji wa kumchora Halima jikoni, mfinyanzi wa kufufua bunduki za udongo zenye moshi wa pamba, mchongaji wa kumrudishia Ndugu M'hali uso, na watu wa ngoma wa kuigiza mazishi ya mabua ya mtama uwanjani usiku.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Kwihara alikuja miaka zaidi ya 150 iliyopita, akapewa nyumba, akaandikwa, akakumbukwa dunia nzima. Sasa ni zamu ya mwenyeji. Ninawaomba wanaosimamia urithi wetu, walimu wa sanaa wa Tabora, na kila familia yenye wimbo wa mpagazi au kiti cha babu kilichosahauliwa ghalani: tulipatie tembe hili chumba kimoja cha kazi za wasanii wa leo. Lisibadilishwe ukuta wala mlango. Chumba kimoja kinatosha kuanzia, na funguo zipo mikononi mwetu.